Afya ya mwanachuo iko kwenye chumba alichopanga

Wiki mbili kabla bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanachuo, halijaingia, uani kwangu huwezi kusikia harufu ya kitunguu. Nina vyumba tisa vya kupangisha hapa Nyegezi, na vyote wamo wanachuo wa vyuo mbalimbali vya Mwanza. Kila chumba kina jiko lake, la mkaa au mtungi mdogo wa gesi. Bumu likiingia, jioni ni nyama, chipsi mayai, na bodaboda wanaoingia na kutoka na vifurushi. Likikaribia kuisha, majiko yanawashwa mara moja tu, saa mbili usiku. Wenyewe wanasema wanapiga pasi ndefu: asubuhi hakuna kitu, mchana hakuna kitu, unakula usiku ili usingizi uje. Wapo wanaokuambia kwa fahari kwamba wameshazoea.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini, baadaye zahanati, na sasa nina bustani, wajukuu, na hawa wapangaji wanaoniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wale wasio Wasukuma. Kwa kuishi nao nimeona jambo ambalo wodini sikuwa na namna ya kuliona. Mwanachuo akifika hospitali, ugonjwa wake umeshalala naye chumbani wiki kadhaa. Vyuo vingi vina zahanati, vina washauri wa wanafunzi, vina utaratibu wa bima. Lakini huduma hizo kwa kawaida zinaishia getini, na wanafunzi wengi wanalala nje ya geti: hapa Nyegezi, Mkolani, Malimbe, Luchelele, Butimba, na kule juu kuzunguka hospitali ya Bugando. Anayemwona kijana kila asubuhi ni mwenye nyumba, mama lishe, muuza genge na mwenzake wa chumbani. Nataka wenye nyumba wenzangu tujue kwamba tumo katika kazi hii, tupende tusipende, na nataka vyuo navyo vitutambue.

Nianze na chakula kwa sababu mengi yanaanzia hapo.

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo inatoa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, zamani zilikuwa 8,500. Fedha hizo zinakuja kwa mafungu, na fungu la siku sitini ni shilingi 600,000. Ukizitazama zikiwa zimekaa kwenye simu ni nyingi. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na chumba ni elfu hamsini kwa mwezi: nusu ya fedha imeondoka siku hiyohiyo. Bado madesa ya kuchapisha, bando, nauli, sabuni. Na kuna la nyumbani, ambalo watu wa nje hawalioni. Wapangaji wangu kadhaa wanatuma sehemu ya bumu kijijini, mdogo wake alipiwe mchango wa shule au mama anunue dawa ya presha. Simlaumu hata mmoja. Halafu wapo wasio na mkopo kabisa, wanaomtegemea mzazi anayeuza mpunga au pamba. Mzazi huyo anapata fedha kwa msimu, tumbo la mtoto linadai kila siku.

Matokeo yake nayajua kwa sauti. "Mayu, nina vidonda vya tumbo." Kijana amekaa kwenye kimbweta, benchi la zege la kusomea, kuanzia asubuhi, mgongo unamuuma, ameenda duka la dawa akapewa diklofenaki, akaimeza bila kula. Tumbo likaanza kuwaka, akarudi dukani akapewa omeprazole. Mwezi unaofuata anarudia. Jamani, diklofenaki na ibuprofeni zenyewe zinachubua tumbo, hasa zikimezwa mara kwa mara kwenye tumbo tupu. Na vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, anayepimwa hata kwa choo. Akipatikana, anatibiwa kwa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku kumi na nne mfululizo. Kumeza omeprazole kila maumivu yanapokuja kunampa mtu nafuu ya siku mbili na kumwacha bakteria pale pale. Upime kwanza, ndipo ununue.

Kwa mabinti kuna upungufu wa damu. Analala darasani, anapanda ngazi moyo unamdunda, anadhani ni uchovu wa mitihani. Hedhi inatoka kila mwezi na chakula chake ni chai na maandazi mawili. Na ile chai inayonywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mimi nawaambia chai ikae mbali na ugali, na mboga ipate ndimu au ifuatwe na chungwa.

Hapa kwangu tulianzisha mchango wa unga. Si lazima, lakini sasa wanaoshiriki ni wengi kuliko wasioshiriki. Bumu likiingia, kila anayetaka ananipa sehemu yake kabla hajaanza matumizi, na jambo hilo la kabla ndilo linalofanya kazi, kwa sababu wiki ya pili hakuna atakayetoa. Tunanunua mahindi na maharage, kisha mmoja wao anafuatana nami soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa. Dagaa wa Mwaloni wanakwenda Kongo, wanakwenda Rwanda, na mtoto anayeishi kilomita chache kutoka pale anakula chipsi kavu! Dagaa analiwa mzima, kwa hiyo unapata protini, unapata chokaa ya mifupa, unapata chuma, kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Vitu vinakaa stoo yangu na kila chumba kinachota kwa zamu, vyumba viwili viwili vinapika sufuria moja. Kupika pamoja kumetupa faida nyingine: asiyekuja sufuriani anaulizwa.

Nimewaambia pia waache kuficha michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Wazazi wa Magu, Misungwi, Kwimba wanatuma michembe, matobolwa na karanga, na watoto wanaviweka uvunguni kwa kuona aibu mbele ya wenzao wa mjini. Michembe iliyopikwa ikachanganywa na karanga ni kifungua kinywa kamili. Binti mmoja wa Moshi aliyeonjeshwa hapa sasa anaagizia kwao.

Kodi nachukua kwa mwezi. Wenzangu wananiambia nitapata hasara. Wapo wanaochelewa, ni kweli, lakini wakati wa mitihani simfuati mtu mlangoni na daftari la madeni. Naamini mwenye nyumba anayemtolea mtoto vyombo nje wiki ya mtihani anamharibia zaidi ya miezi ile miwili anayomdai.

Malaria sitaikalia sana. Pima kabla ya kumeza dawa, kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya robo saa hivi. Ukipewa dawa mseto, umeze dozi zote sita kwa siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya pili, na umeze ukiwa umekula kitu chenye mafuta. Lala ndani ya chandarua. Haya wengi wanayajua.

Wasichokijua, hasa wanaotoka Njombe, Mbeya, Arusha au Dodoma, ni ziwa lenyewe. Wanafika Mwanza, wanaliona lile ziwa na yale mawe, Jumapili ya kwanza wameshaingia kuogelea. Au maji ya bomba yamekatika siku tatu, wanabeba nguo kwenda kufulia ufukweni na kuoga hukohuko. Mwambao wetu una kichocho cha tumbo. Konokono wadogo walioko majini kwenye majani wanatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Vikishaingia vinakua kuwa minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Mayai yanayobaki mwilini yanakwenda kulitia ini makovu. Kanda hii watu wazima wanatapika damu kwa sababu ya kichocho walichokipata wakiwa watoto. Nimewauguza, sihadithiwi.

Mpangaji wangu mmoja kutoka Njombe alipata homa, kikohozi na vipele vya kuwasha kiasi cha mwezi mmoja baada ya kuogelea. Malaria hana, lakini alishameza dawa mseto mara mbili kwa ushauri wa rafiki. Hakuna aliyemwuliza kama ameingia ziwani, naye hakuwa na sababu ya kulisema. Kwa hiyo ulitaje wewe mwenyewe: ukienda hospitali na homa na umegusa maji ya ziwa miezi ya karibuni, mwambie daktari. Dawa ipo, prazikwanteli, inapimwa kwa uzito, na inamezwa ukiwa umekula. Ila inaua minyoo iliyokomaa, minyoo michanga inaponyoka, ndiyo maana anayemeza siku mbili baada ya kuogelea anaweza kuambiwa arudie baada ya wiki sita hadi nane. Kama ni lazima utumie maji ya ziwa kuoga, yachote, yafunike, yakae siku mbili kamili, vijidudu vitakufa vyenyewe. Au yachemshe. Mimi nimeweka tenki, na wenye nyumba wenzangu nawaomba: tenki la lita elfu mbili ni huduma ya afya. Vivyo hivyo choo chenye kitasa, taa na ndoo ya maji. Mabinti wanajizuia mkojo usiku kucha kwa kuogopa choo cha giza cha nje, halafu tunashangaa kila mwezi wanalalamikia UTI.

Kuna ugonjwa mwingine wa kanda yetu ambao vyuo vingeujua zaidi kama vingekuwa vinauliza siku ya usajili. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa wingi nchini. Zamani wengi hawakufika umri wa chuo. Sasa wanafika, Mungu ni mwema, na wanahitaji chuo kinachowaelewa.

Ninaye binti wa aina hiyo, mwaka wa pili. Alipokuja kuangalia chumba hakuuliza kodi kwanza. Aliuliza maji yanatoka siku zipi, na usiku kama kuna teksi karibu. Nikaelewa hapohapo. Nilimpa chumba cha upande wa jua, maana baridi inamwamsha maumivu, sawa na kiu, uchovu na maambukizi. Chupa yake ya maji haitoki mkononi. Anameza haidroksiyurea kila siku na foliki, na kliniki yake iko Bugando. Maji yakikatika hapandishi ndoo mlimani, vijana wanambebea bila kuambiwa. Mwenzake wa chumbani alifundishwa na yeye mwenyewe: joto likifika 38, hakuna kusubiri asubuhi, ni hospitali. Na alifanya jambo moja la busara ambalo namtaka kila mwenye ugonjwa wa kudumu alifanye, awe na pumu, kisukari, kifafa au selimundu. Alipeleka barua ya daktari ofisini kwa mshauri wa wanafunzi mwanzoni mwa muhula, akiwa mzima. Ukisubiri kuipeleka siku umelazwa na mtihani umekupita, unaonekana unatafuta kisingizio, na wewe huna nguvu ya kubishana.

Kuhusu bima: kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Nimeona watoto wanaoruka kuulipa ili fedha ikae mfukoni, kisha kipimo kimoja cha picha kinameza zaidi ya hapo. Bima ilipwe kabla ya simu mpya. Na mzazi unayesoma hapa, muulize mtoto wako namba yake ya uanachama, usiulize tu kama amelipa.

Sasa niseme la mawazo, ambalo ndilo lililonifanya nianze kuandika haya.

Kijana alikuwa mwaka wa tatu, kwao Sengerema. Mcheshi, mtu wa kuchota maji yake na ya jirani. Kisha akaanza kuamka mchana. Ndoo yake ikakaa mlangoni tupu. Nguo zake zikabaki kwenye kamba, zikanyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena. Wenzake walisema ana stresi za sapu, yaani mitihani ya marudio, ataamka tu. Mimi nikagonga.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini leo?"

"Niko sawa, Mayu."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimekuuliza umekula nini."

Alikuwa hajala tangu jana yake asubuhi. Nilimpelekea uji, nikakaa, sikuuliza tena mpaka kikombe kilipoisha. Ndipo akazungumza. Alikuwa na sapu tatu na anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Kulipa deni la chakula alikopa kwenye programu ya simu, riba ikazaa, wale watu wakaanza kutuma ujumbe kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yake, hadi kwa baba yake na kwa mchungaji wao, wakimwita tapeli. Alikuwa halali. Alisema anahisi kwamba amewaaibisha wote waliomchangia nauli ya kuja chuo.

Nikamwuliza, kwa maneno hayahaya: "Umefikiria kujiua?"

Watu wengi wanaliogopa swali hili. Wanadhani ukiliuliza unampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Kunampa nafasi ya kutua mzigo na kumpunguzia hofu. Lililo baya ni kumwuliza kwa kukemea, au kumwambia "wewe mwanaume mzima", au kumtajia watu wenye shida kumzidi. Aliniambia ndiyo, usiku, mara nyingi.

Usiku ule hakulala peke yake. Wenzake wawili walihamishia godoro chumbani kwake, na kila kitu cha hatari tulikitoa humo. Nilimwuliza nimpigie nani, akachagua kaka yake badala ya baba, na nikaheshimu. Asubuhi tukaenda kliniki ya afya ya akili Bugando. Kaka yake alitoka Sengerema alfajiri na akapita kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025. Zamani angekuwa bado anasubiri kivuko. Alitukuta kwenye benchi tukiwa foleni, akakaa upande wa pili wa mdogo wake, akamshika bega. Sikumsikia akimwuliza habari ya deni hata mara moja.

Alionekana ana sonona, akaanzishiwa dawa na mazungumzo na mtaalamu. Nilimwambia jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi vizuri, au wanaambiwa wakati hawana uwezo wa kusikia: dawa za sonona hazifanyi kazi siku hiyohiyo. Zinahitaji wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Maudhi madogo kama kichefuchefu yanatangulia, nafuu inafuata. Na nafuu ikija usiziache mwenyewe, daktari ndiye atakayekushusha taratibu. Mchungaji wao alikuja kumwombea. Nilimkaribisha kwa moyo wote. Nilimwomba tu asimwambie aache dawa, naye akakubali, na akawa anamkumbusha siku za kliniki.

Mkopo nao ulihitaji matibabu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni, na tangu 2022 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mtu anayekudai hana ruhusa ya kuwatangazia ndugu zako wote. Kabla ya kubonyeza "kubali", angalia kama mkopeshaji ana leseni. Mikopo hii ya kausha damu, pamoja na mikeka ya kubeti, nimeiona nyuma ya huzuni nyingi za vijana wa kiume, na wao ndio wagumu zaidi kusema.

Kijana wetu alifanya sapu zake. Mbili alifaulu, moja akakeri, yaani aliibeba airudie baadaye. Anaendelea na kliniki. Zipo siku bado ni nzito, na siku hizo wenzake wanazijua.

Niongeze kidogo kuhusu sheria, kwa sababu familia zinaficha. Kanuni yetu ya Adhabu imekuwa ikitaja kujaribu kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi inawafanya watu wamfungie mgonjwa ndani badala ya kumleta. Mtu anayekwenda hospitali kusema kwamba ana mawazo hayo hajatenda kosa lolote. Mpelekeni.

Kwa mabinti, na kwa vijana wa kiume pia, kuna saa 72 ambazo nataka kila mpangaji azijue kama anavyolijua jina lake. Ukiwa umebakwa, au kondomu imepasuka na hujui hali ya mwenzako, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kisha zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina dirisha fupi, na kila saa inayopita vinapungua nguvu. Kwa aliyebakwa, asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa, na aende hospitali hata kama hajapata fomu ya polisi, matibabu ya dharura yasisubiri karatasi. Polisi kuna dawati la jinsia. Na mwalimu anayetaka mwili ili atoe alama anatenda kosa la rushwa ya ngono, lipo katika sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113. Binti akikuletea habari kama hiyo mlangoni usimwulize alivaa nini. Mpe maji, mpe mtu wa kukaa naye, na mpeleke.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa pili, naye anapangisha, aliniuliza: sasa nikiona mtoto ana shida nimpigie mzazi wake? Swali gumu. Hawa wameshavuka miaka kumi na nane, ni watu wazima, na siri ya ugonjwa wao ni mali yao. Mwenye nyumba anayetangaza barazani kwamba fulani anameza dawa anafunga milango yote tisa kwa siku moja, hakuna atakayemweleza kitu tena. Mimi namwuliza mwenyewe: nimwambie nani? Nikishajibiwa, nabaki na huyohuyo. Ninavuka mpaka huo pale tu maisha yanapokuwa hatarini na mwenyewe hawezi au hataki kuchagua mtu, na hata hapo namwambia kwamba nampigia ndugu yake, sipigi kwa kumficha. Ndiyo maana siku ya kuandikishana mkataba kila mpangaji ananiandikia jina moja la mtu wa dharura analolichagua yeye. Wengi hawaandiki baba. Wanaandika dada, shangazi, wakati mwingine mwalimu wa sekondari.

Kwa upande wa vyuo, sitaki mambo ya gharama. Kila Novemba wanafunzi wapya wanapofika, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iwaite wenye nyumba wa mitaa ya jirani, nusu siku tu, ituonyeshe sura ya mtu wa kumpigia. Sasa hivi mwenye nyumba akiona mpangaji wake haeleweki saa tano usiku, hana namba yoyote ya chuo. Namba hiyo ipokelewe usiku, hasa wiki za mitihani na wiki ya matokeo, maana matokeo yanatoka kwenye simu na mtoto anayasoma akiwa peke yake gizani. Anayejua kwamba wanafunzi fulani wamedisko ni chuo. Kwa nini wasipigiwe simu na mtu kabla hawajaona kwenye mfumo? Na mshauri atoke ofisini, aje huku mitaani mara moja kwa mwezi, akae pale kwa mama lishe. Atawapata wengi kuliko anaowasubiri na mlango wenye kibao.

Yule mama alinijibu: wewe ni nesi, mimi nitajuaje? Nikamwambia hahitaji kupima presha ya mtu. Anajua nani hajapika tangu juzi, nani amebadilika kusalimia, nani anarudi na macho mekundu. Kazi yetu ni kugonga, kuuliza bila ukali, na kusindikiza. Ugonjwa wenyewe una wenyewe huko hospitali za Sekou Toure na Bugando.

Amekubali kuingia kwenye mchango wa unga na vyumba vyake sita. Wenye nyumba wengine wa Nyegezi, Mkolani na Luchelele mnaotaka, tutakutana kwangu Jumamosi ya kwanza baada ya vyuo kufunguliwa, saa kumi jioni. Mje na idadi ya wapangaji wenu, na mje na mmoja wao, maana hatuwezi kupanga chakula chao wao wakiwa hawapo.